Nani Mwenye Sura ya Msanii?

Katika sanaa ziko kazi ambazo zikisha kukamilika humwacha mtendaji wake pembeni. Mfinyanzi akiuza chungu, chungu huenda kwa mnunuzi na mikono ya mfinyanzi hubaki nyumbani kwake. Mchongaji naye ni vivyo hivyo. Lakini mwimbaji, mcheza ngoma na mwigizaji hawana chombo cha kumkabidhi mnunuzi isipokuwa nafsi zao wenyewe. Sauti ndiyo kazi, na sura ndiyo kazi. Kwa karne nyingi jambo hili halikuleta ugomvi wowote, kwa sababu ngoma ilipokwisha mchezaji aliondoka na mwili wake, na mwimbaji aliondoka na koo lake. Aliyetaka kumsikia tena ilimpasa amwite tena, na akimwita ilimpasa amlishe na kumtuza.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mashine zilivyoivunja desturi hiyo hatua kwa hatua, mpaka tukafikia siku hizi ambapo kompyuta yaweza kumfanya mtu aseme asilolisema na acheze asichokicheza. Mifano yetu mingi tutaitoa Marekani. Hatufanyi hivyo kwa kupenda kuiga mambo ya huko, bali kwa sababu ndiko filamu ilikokua ikawa kiwanda kikubwa, ndiko waigizaji walikojiunga katika chama chenye nguvu, na ndiko ugomvi huu ulikopiganwa waziwazi, mahakamani na barabarani.

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza chombo kilichoweza kunasa sauti ya mtu na kuitoa tena. Miaka 51 baadaye matunda ya uvumbuzi huo yalikuwa yamekwisha kufika kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake mpaka Bombay, akaimba mbele ya mashine za kampuni ya santuri, na nyimbo zake za Kiswahili zikauzwa katika pwani yetu. Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake bado twaisikia. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Santuri ilimtenga mwimbaji na sauti yake: yeye akawa mahali pamoja, nayo ikawa mahali elfu. Hata hivyo ilikuwa na kikomo kimoja, nacho ni kwamba iliweza kurudia tu. Santuri ya Siti haiwezi kuimba wimbo ambao Siti hakuuimba, wala kumsifu mtu ambaye Siti hakumsifu. Kikomo hicho kilikuwa ngome ya wasanii kwa muda wa karne nzima, na wengi wao hawakujua kuwa wana ngome mpaka ilipobomoka.

Hata huko kurudia tu kulitosha kuleta dhiki. Redio na mabaa yalipoanza kupiga santuri badala ya kuajiri bendi, wapigaji muziki wa Marekani waliona kwamba wanashindana na vivuli vyao wenyewe. Tarehe 1 Agosti 1942 chama chao, kikiongozwa na James Petrillo, kiliwakataza wanachama wasirekodi tena kwa ajili ya makampuni. Makampuni yalihangaika, mengine yakawarekodi waimbaji wakisindikizwa na kwaya bila ya ala yoyote. Mgomo ule uliendelea kwa miaka miwili na zaidi. Makampuni makubwa mawili ya mwisho yalikubali mwezi Novemba 1944 kulipa sehemu ya mapato ya santuri katika mfuko wa chama. Mwaka 1960 waigizaji wa filamu nao waligoma kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Filamu zao za zamani zilikuwa zikioneshwa katika televisheni na wenye studio wakipokea fedha, ilhali waliocheza ndani yake hawakupata kitu. Walifanikiwa kupata malipo kwa filamu zilizotengenezwa tangu mwaka ule na kuendelea. Waliocheza zile za awali waliambulia mchango wa jumla katika mfuko wa afya na uzeeni, na wako waliokufa wakilalamika.

Mwaka uliofuata, 1961, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Roma wa kuwalinda wasanii watendaji, watengenezaji wa santuri na mashirika ya utangazaji. Mkataba huo ulikuwa hatua kubwa, kwani ulisema kwamba maonesho ya msanii yasinaswe wala kutangazwa bila ya idhini yake, na ukaweka ulinzi wa miaka isiyopungua 20. Lakini ulikuwa na mapengo mawili ambayo ni lazima tuyaeleze. La kwanza ni la waigizaji wa filamu: mwigizaji akisha kukubali mara moja kuingizwa katika filamu, ulinzi ule ulikoma kwake. Pengo hili halikuanza kuzibwa kimataifa mpaka Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ambao nao ulianza kutumika tarehe 28 Aprili 2020. Pengo la pili ni la kina zaidi. Mkataba wa Roma ulilinda kile ambacho msanii alikifanya, yaani wimbo ule aliouimba siku ile. Msanii mwenyewe, na namna sauti yake ilivyo, havikutajwa. Mtu akitengeneza sauti mpya kabisa inayofanana na ya msanii, hakuna onesho lililoibwa. Katika mwaka 1961 nani angefikiri kwamba jambo hilo litawezekana?

Mahakama za Marekani ndizo zilizoanza kulikabili swali hili, nazo zililikabili kupitia kesi za watu mashuhuri. Tutazame kwanza kesi ya Bela Lugosi, Mhungaria aliyeigiza filamu ya Dracula ya mwaka 1931. Mhusika yule mnyonya damu, mwenye joho jeusi, alimganda mwigizaji kiasi kwamba alipofariki mwaka 1956 alizikwa amevaa joho hilo. Baada ya kifo chake studio iliwauzia wafanyabiashara ruhusa ya kuitumia sura ile katika bidhaa za kila aina. Mkewe na mwanawe walishtaki. Mahakama ya kwanza iliwapa haki. Lakini mwaka 1979 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la California iliwanyima, ikisema kwamba haki ya mtu juu ya jina na sura yake ni ya nafsi yake, nayo hufa pamoja naye ikiwa hakuitumia kibiashara alipokuwa hai. Bunge la jimbo halikuridhika. Mwaka 1984 lilitunga sheria ya kuwalinda mashuhuri kwa miaka 50 baada ya kufa, na mwaka 1999 muda huo ukaongezwa kuwa miaka 70.

Kesi ya mwimbaji Bette Midler yatufaa zaidi, kwa kuwa yahusu sauti. Katika miaka ya 1980 wakala wa matangazo wa kampuni ya magari ya Ford alitaka Midler aimbe katika tangazo, naye akakataa. Wakala hakukata tamaa. Alimtafuta mwanamke aliyekuwa mwitikiaji wa Midler kwa miaka mingi, akamwagiza aimbe wimbo ule ule kwa kumfuata Midler kadiri awezavyo. Wasikilizaji wengi, hata waliomfahamu Midler, walidhani ni yeye. Sasa, msomaji na aone ugumu uliokuwapo: ruhusa ya kuutumia wimbo ilikuwa imenunuliwa kihalali kwa mwenye hakimiliki, picha ya Midler haikuoneshwa, na jina lake halikutajwa. Ni nini basi kilichoibwa? Mwaka 1988 mahakama ya rufani ilijibu kwamba sauti ya mwimbaji anayejulikana ni sehemu ya nafsi yake kama ulivyo uso wake, na kuiiga makusudi ili kuuza bidhaa ni kumnyang'anya mtu kilicho chake. Midler alilipwa dola 400,000. Miaka minne baadaye mwimbaji Tom Waits alishinda katika rufani kesi ya namna hiyo hiyo.

Hapa twapenda kuingiza tahadhari. Kuiga si dhambi katika sanaa. Wachekeshaji wetu huwaiga wakubwa, watoto wa shule huwaiga walimu wao, na mwimbaji kijana hujifunza kwa kumfuata mkubwa wake mpaka apate njia yake. Lakini katika kuiga kwa namna hiyo hadhira hujua kwamba inaangalia kuiga, na kicheko chatoka hapo hapo. Lililolaumiwa katika kesi ya Midler ni kuiga kulikokusudiwa kusijulikane. Sheria yoyote itakayotungwa bila ya kuitambua tofauti hii itamfunga mchekeshaji na kumwacha mwizi.

Sasa tuifikie mashine mpya. Mwishoni mwa mwaka 2017 zilianza kuenea katika intaneti video za kughushi zilizotengenezwa kwa akili unde. Kazi yake ni hii: kompyuta hupewa picha nyingi mno za uso wa mtu, ikajifunza jinsi kope zinavyoshuka na midomo inavyokutana, kisha ikauvika uso huo juu ya mwili wa mtu mwingine. Waathirika wa kwanza walikuwa waigizaji wa kike, ambao sura zao zilibandikwa katika filamu za ufuska. Yafaa jambo hili lisemwe wazi, maana mara nyingi mazungumzo ya akili unde hukimbilia fedha na kusahau fedheha. Kwa upande wa sauti maendeleo yamekuwa ya kasi zaidi, hata sekunde chache za maneno ya mtu zatosha kupata mfano unaomdanganya msikilizaji. Mwezi Aprili 2023 ulitolewa wimbo uliosikika kama umeimbwa na Drake na The Weeknd, ambao hawakuuimba. Ukasikilizwa na watu wengi kabla ya kuondolewa. Mwaka mmoja baadaye Drake huyo huyo alitoa wimbo wenye sauti ya kutengenezwa ya Tupac Shakur, aliyeuawa mwaka 1996, na wasimamizi wa mirathi ya marehemu walipotishia kumshtaki akauondoa. Nasi twaona kwamba aliyeumwa na nyoka jana si lazima leo auogope unyasi.

Ngome tuliyoitaja imebomoka hapo. Mashine hii hairudii yaliyoimbwa, bali hutunga mapya na kuyatia sahihi ya sauti ya mtu. Malenga wetu walizoea kutaja majina yao katika beti za mwisho, ili msikilizaji ajue maneno ni ya nani. Mwimbaji na mwigizaji hawakuhitaji kufanya hivyo, kwani sauti na sura ndizo zilizokuwa majina yao. Leo jina hilo laweza kuandikwa na mkono mwingine chini ya maneno yoyote.

Mpaka hapa wote tuliowataja ni watu wakubwa, wenye mawakili. Lakini katika filamu wako wengine wengi wasiojulikana: yule apitaye barabarani nyuma ya shujaa, yule akaaye meza ya pili hotelini, askari wa mia mbili katika jeshi. Hawa ni waigizaji wa umati, na hulipwa kwa siku. Kesi ya Midler haikuwasaidia kitu, kwa sababu mahakama ilizungumzia sauti inayojulikana na wengi, na wao hawajulikani. Kwao hatari ni rahisi kueleza: mwenye studio akiichukua sura ya mtu kwa kompyuta leo, na akaweza kuitumia katika filamu za miaka ijayo, siku nyingine ya kazi haitakuja. Vibarua wa shambani wanaelewa hesabu hiyo.

Ndiyo sababu mgomo wa mwaka 2023 una uzito wa pekee katika historia hii. Waandishi wa filamu na televisheni waligoma tangu tarehe 2 Mei, na tarehe 14 Julai wakaungana nao waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA, chenye wanachama wapatao 160,000. Vyama hivyo viwili havikuwa vimegoma kwa pamoja tangu mwaka 1960. Siku moja kabla, msemaji wa waigizaji katika mazungumzo alieleza kwamba waajiri wametaka waigizaji wa umati wapigwe picha za kompyuta, walipwe ujira wa siku moja, na sura zao zitumike milele bila ya idhini wala malipo mengine. Waajiri walikanusha, wakasema pendekezo lao limeelezwa visivyo. Hatuwezi kuamua neno la chumbani ambamo hatukuwamo. Lililo dhahiri ni kwamba habari ile iliwasha moto, na watu waliokuwa wakiona akili unde kuwa hadithi ya mbali walishika mabango na kutembea juani.

Mgomo ulidumu siku 118, ukaisha tarehe 9 Novemba 2023. Katika mapatano, mwajiri anayetaka kutengeneza nakala ya kompyuta ya mwigizaji alitakiwa apate idhini iliyo wazi, ikieleza nakala itatumika kwa kazi gani. Amjulishe saa 48 kabla. Na nakala ikifanya kazi ambayo mwigizaji angeifanya mwenyewe, amlipe kwa siku ambazo angezifanya. Nakala za umati hazikuruhusiwa kuhesabiwa katika idadi ya chini ya waigizaji hai ambao mwajiri analazimika kuwaajiri. Wanachama walipopiga kura, asilimia 78 waliunga mkono. Waliopinga hawakuwa wakaidi tu. Wengi wao walisema kwamba idhini inayoombwa kwa mtu mwenye njaa, mlangoni mwa kazi, ni idhini ya jina tu, na kwamba mapatano hayakumzuia vya kutosha mwajiri kutumia mwigizaji wa kubuni asiyefanana na mtu yeyote. Twaona kwamba hoja yao ya kwanza ni nzito. Inaelekea hata watunga sheria waliiona, kwani mwezi Septemba 2024 jimbo la California lilipitisha sheria ya kubatilisha kifungu cha mkataba kinachotoa sura au sauti ya mtu bila ya kueleza matumizi yake waziwazi, ikiwa mtu huyo hakuwakilishwa na mwanasheria au chama chake. Kabla yake, mwezi Machi mwaka huo, jimbo la Tennessee, alikoishi na kufia Elvis Presley, lilikuwa limepanua sheria yake ili iilinde sauti pamoja na jina na sura.

Idhini ya waliokufa ni fumbo lingine. Mwaka 1997 watazamaji wa televisheni walimwona Fred Astaire, aliyefariki miaka kumi kabla, akicheza dansi na mashine ya kufagia vumbi. Mjane wake alikuwa ametoa ruhusa, na sheria ilitimizwa; lakini wengi waliompenda Astaire walichukizwa. Mchekeshaji Robin Williams, aliyefariki mwaka 2014, aliliona hilo mapema, akaacha maagizo kwamba sura yake isitumiwe katika biashara kwa miaka 25 baada ya kufa kwake, yaani mpaka mwaka 2039. Mirathi ya sura ni jambo ambalo wazee wetu hawakulitaja walipogawa mashamba na minazi, nasi sasa twalazimika kulitaja.

Bombay tuliyoitaja tangu mwanzo yaturudia tena. Mji huo leo waitwa Mumbai, ila Mahakama Kuu yake imebaki na jina la zamani. Mwezi Julai 2024 mahakama hiyo ilimlinda mwimbaji Arijit Singh dhidi ya vyombo vya akili unde vilivyokuwa vikitoa sauti ya mfano wake. Mji ule ule ambao sauti ya Mswahili wa kwanza wa kike ilinaswa katika santuri ukatamka kwamba sauti ya mwimbaji isitengenezwe bila ya ruhusa yake.

Na kwetu? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo humpa mtendaji haki juu ya onesho lake, yaani juu ya kile alichokifanya. Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na mahakama zake zimekwisha kuwapa fidia watu ambao picha zao zilitumiwa katika matangazo bila ya idhini, zikitegemea haki ya faragha na heshima ya utu iliyomo katika Katiba ya mwaka 2010. Njia hizo zaweza kumsaidia msanii, lakini hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya mashine inayoimba kwa koo la mtu. Wakili itambidi apite mlango wa nyuma, kama walivyopita mawakili wa Midler.

Wakati huohuo mali yenyewe ni nyingi. Katika miaka ya 1960, 1970 na 1980 Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi, vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma za mikoani. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, ni mmoja wa wale ambao sauti zao za enzi ile zingali zikipendwa. Kanda za namna hiyo zikihamishiwa katika kompyuta, kama inavyofaa ili zisioze, papo hapo zinakuwa chakula cha mashine ya kujifunzia sauti. Kuhifadhi na kunyang'anya kwatumia waya mmoja. Kwa hiyo mkataba wa kuhamisha kanda haupaswi kutaja hakimiliki ya nyimbo peke yake. Yapasa utaje sauti, na useme kama yaweza kutumiwa kutengenezea sauti nyingine au la. Mwalimu anayepiga picha za video za ngoma ya wanafunzi wake na kuziweka katika intaneti anakabiliwa na swali hilo hilo kwa kipimo kidogo.

Nyimbo hizo zilipotangazwa redioni, aghalabu ilitajwa bendi na mtunzi. Waitikiaji, wapuliza tarumbeta na mabinti wa kwaya hawakutajwa. Hao ndio waigizaji wa umati wa kwetu. Baadhi yao wangali hai, Morogoro, Tabora, Tanga na Unguja, na ruhusa yao bado yaweza kuombwa kwao wenyewe.